Ngoma Haikai Nyuma ya Nguzo

Nilisimamishwa kwenye kwaya ya kanisa letu kwa sababu nilipiga ngoma katika sinagogi, na mpaka leo sijaomba radhi. Nasema hivi mwanzoni kabisa ili anayetafuta majuto asipoteze muda wake hapa.

Ilikuwa Louisville, mwaka wangu wa pili Marekani. Mimi ni Mrundi, lakini Burundi siikumbuki. Nilivushwa mpaka nikiwa mgongoni kwa mama, nikakulia kambini Kigoma hadi kambi yenyewe ilipofungwa. Ngoma nilijifunzia kwenye foleni ya maji. Wanaume wa kikundi cha ngoma walikuwa wakifanya mazoezi karibu na bomba, nami nikingojea zamu yangu niliyarudia mapigo yao kwenye kitako cha ndoo. Kwetu mwanamke hashiki fimbo za ngoma. Niliambiwa hivyo mara nyingi, na mara nyingi nilipoambiwa nilikuwa nimeshazishika. Mpigaji ngoma wa kwaya ya kambini aliporudishwa Burundi na ikawa hakuna mwingine anayejua, mwalimu wa kwaya akaniambia, "Haya, kaa pale. Lakini keti kama mtoto wa kike." Nikakaa nilivyoweza, kwa kuwa ngoma haijui mtoto wa kike anaketije. Sikuinuka pale hadi siku ya kupanda ndege.

Louisville nilipata kazi ya usafi. Kampuni ilinipeleka kwenye sinagogi la Wayahudi wa mrengo huria, wale ambao kwao wanawake na wanaume huketi pamoja na mwanamke anaweza kuongoza ibada. Nilifanya kazi mchana hadi saa kumi na moja. Siku ngumu ilikuwa Ijumaa, maana Sabato yao huingia jua likizama, na kabla ya hapo kila benchi lilitakiwa kung'aa.

Mwimbishaji wao alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye kofia ndogo ya kufuma iliyobanwa nyweleni kwa kibanio. Kila Ijumaa mchana alikuja na gitaa kujaribu nyimbo za jioni. Siku moja alikuwa akiimba wimbo usio na maneno, lai-lai tu, unaozunguka na kurudi pale ulipoanzia. Nilikuwa nafuta benchi la nne. Mkono wangu wa kushoto ulianza kugonga mbao bila kuniomba ruhusa.

Akanyamaza. Nami nikanyamaza, nikajifanya natafuta doa.

"Endelea," alisema.

"Samahani, Mwalimu."

"Sikusema samahani. Nimesema endelea."

Tukaenda raundi mbili, tatu. Kisha akaniuliza, "Unajua kupiga jembe?"

Nilidhani Kiingereza changu kimenipotosha. "Kulima naweza," nilimjibu, "lakini nje hapa ni lami tupu."

Alinitazama bila kuelewa, akaenda stoo, akarudi amekumbatia ngoma ya Afrika Magharibi, nyembamba kiunoni, ngozi imekazwa kwa kamba. Kumbe huko ngoma hiyo ndiyo wanayoiita jembe. Nilipomweleza jembe la kwetu ni chombo gani alicheka hadi akakaa chini. Tangu siku hiyo aliniita mkulima.

Aliniomba nipige naye Ijumaa jioni, baada ya zamu. Nilikwenda nyumbani kubadili nguo, nikarudi kwa mlango wa mbele. Nilikuwa nimeufuta mlango ule zaidi ya mwaka mzima bila kuupitia siku ya ibada.

Sitajifanya nilielewa kila kitu. Kiebrania sikukijua. Lakini kuna wimbo wanaoimba kuikaribisha Sabato kama bibi harusi, na wakifika ubeti wa mwisho wote husimama, wanageuka kuutazama mlango, wanainama kidogo kama kweli kuna mtu anaingia. Mara ya kwanza nami niligeuka na ngoma yangu mapajani, nikitaka kuona ni nani. Hapakuwa na mtu. Lakini watu wote walikuwa wakiimba, wazee na watoto, wenye sauti na wasio na sauti, na nilizijua nyuso zile. Ndizo nilizoziona kambini siku ambazo mgao ulichelewa na kwaya ikaimba hata hivyo.

Mwenyekiti wa kamati yao ya ibada hakuimba. Alikuwa mzee mrefu, mjane. Mimi nilimfahamu kwa sababu nyingine. Nyuma ya jukwaa palikuwa na kinanda kikubwa cha mabomba, na marehemu mke wake ndiye aliyekipiga kwa miaka mingi hadi vidole vilipokataa. Kila wiki mzee alikuja kuhakikisha kwamba nafuta vibao vyake kwa kitambaa kikavu, siyo chenye maji. Nilimwita Baba. Hakuwa amezoea, lakini hakunikataza. Wakati mmoja, nikifuta, aliniambia kwamba babu yake aliyetoka Ulaya alikuwa wa wale wa zamani, wasiokubali chombo chochote cha muziki siku ya Sabato. Baba yake alipojiunga na sinagogi lenye kinanda, babu alimlilia kama aliyefiwa na hakukanyaga humo hata siku moja.

Sasa mzee huyohuyo aliitisha kikao cha kamati. Mwimbishaji aliniambia si lazima nije. Nikaja.

Tulikuwa watu saba kuzunguka meza ambayo mchana ule nilikuwa nimeing'arisha kwa nta. Mzee alisema bila kupandisha sauti kwamba ibada si nyimbo za kuzunguka moto kwenye kambi ya vijana. Alisema muziki mzito una heshima yake, kwamba nyimbo za kupiga makofi huwafurahisha watu mwezi mmoja halafu zinachuja, na kwamba ngoma haikuwa ya kwao.

"Si suala lako wewe binafsi," aliniambia.

"Baba," nilisema, "uliniambia mwenyewe kwamba hata kinanda kiliingia siku moja."

Mama mmoja upande wa pili alishusha macho kwenye karatasi zake. Mzee hakuyashusha yake.

"Ndiyo," alisema. "Na babu yangu alibaki nje. Sitaki kuwa kama yeye. Lakini usinitake nijifanye sioni kinachoondoka."

Hilo lilinigusa, sina haja ya kuficha. Lakini kuguswa si kukubali. Kamati ilizungumza mpaka chai ikapoa, kisha ikafikia uamuzi wa kamati: ngoma itapigwa mara moja kwa mwezi, na mpigaji atakaa pembeni, nyuma ya nguzo ya kushoto, ili sauti isije kwa nguvu.

Niliifahamu nguzo ile. Nyuma yake ndipo nilipokuwa naegesha ndoo na dekio.

"Mara moja kwa mwezi sawa," nilisema. "Nyuma ya nguzo hapana. Nikiwa nasafisha mtanikuta nyuma ya nguzo. Nikiwa napiga nitakaa mbele. Kama haiwezekani nibakishieni dekio langu, nalo nalijua."

Mwimbishaji alifunga daftari lake taratibu.

Ijumaa iliyofuata nilikuta viti viwili vimepangwa mbele, kimoja na gitaa juu yake na kingine kitupu. Mwimbishaji alikuwa amesimama kando yake, mikono nyuma, kama askari. "Nimewaambia," alisema, "gitaa nalo litakaa unapokaa wewe. Wachague." Tukakaa. Mzee aliingia, akatuona, akatembea hadi benchi la kwanza, akakunja mikono. Nilipogonga pigo la kwanza aliinuka, akatoka.

Nilidhani amekwenda nyumbani. Lakini mlango wa ukumbi ulikuwa na kioo, na kupitia kioo hicho nilimwona kwenye korido, ameketi kwenye kiti cha mlinzi, kofia yake kichwani, kitabu cha sala kimefunguka magotini. Alikaa hapo hadi mwisho. Mwezi uliofuata akafanya vilevile. Mara tatu tulizopiga mbele kabla sijaondoka, mara tatu alikaa kwenye korido, na hakuna mara hata moja aliyoondoka mapema.

Wakati huo habari ilikuwa imefika kanisani kwetu, ambako pia niliipigia kwaya ngoma. Mtu alipiga picha, picha ikaingia kwenye WhatsApp, na Jumapili moja baada ya ibada nikaitwa na mzee wa kanisa, Mkongomani wa Kivu, mtu mwema aliyekuwa amenisaidia kupata kitanda changu cha kwanza.

"Bon, mama," alianza. "Tunasikiaka kama Ijumaa unaendaka kupigia Bayuda ngoma. Ni kweli ao ni uongo?"

"Ni kweli, Papa."

"Donc unajua kama bale bantu habaamini Yesu."

"Najua, Papa. Sijabadili dini. Wanaimba zaburi, nami nawapigia. Zaburi hizohizo tunaziimba hapa."

"Sasa ni roho gani iko napiga ile ngoma?"

"Ni mikono yangu, Papa."

Alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Akaniambia nitakaa nje ya kwaya hadi nitubu. Nilimuuliza nitubu lipi hasa, kupiga ngoma au kuipiga Ijumaa. Akasema tutaomba. Nikamwambia amina.

Jumapili zilizofuata nilikaa benchi la mbele kabisa nikaimba kwa sauti kuliko kwaya nzima. Ngoma walimpa mwanamume mmoja aliyepiga kama anayefukuza kuku shambani. Kina mama walinitupia macho kila alipopotea, nami niliwarudishia macho hayohayo. Nilijua wanachotaka: niseme neno moja tu, nirudi. Neno lenyewe ndilo lililonishinda.

Nisidhaniwe nilikuwa jasiri. Nilirudi nyumbani nikalia sana, kwa sababu wale ndio watu waliokuwa wakijua jina la mama yangu. Lakini nilishazuiwa ngoma nikiwa na miaka tisa kwa sababu ni msichana. Sikuona kwa nini nikubali kuzuiwa tena ukubwani kwa sababu ya siku ya wiki.

Louisville niliiacha kwa ajili ya dada yangu. Alikuwa Columbus, upande wa Reynoldsburg, amejifungua mapacha, na binti yake mkubwa ameanza shule. Aliniita, nikaenda. Siku ya mwisho mzee wa korido alinifuata nilipokuwa narudisha funguo.

"Nataka ujue," alisema, "ukiwa koridoni ngoma inasikika vizuri zaidi."

Sikujua ananisifu au ananikosoa. Nilimshukuru kwa yote mawili.

Reynoldsburg nilifanya kazi ghalani, kupanga viatu kwenye maboksi. Ulikuwa mwaka ambao watu wetu walianza tena kukimbia Burundi, na simu ya dada haikunyamaza: shangazi huyu amevuka, binamu yule hajulikani alipo. Nilihitaji mahali pa kuimba. Mwimbishaji wa Louisville alikuwa amenipa barua ya utambulisho kwa sinagogi moja kubwa la huko lenye bendi kamili, akaniambia, "Hapo hakuna atakayekupinga. Wanapenda muziki mpya."

Ni kweli hakuna aliyenipinga. Palikuwa na magitaa mawili, kinanda cha umeme, waimbaji watatu wenye vipaza sauti, na maneno ya sala yakipita kwenye skrini. Mimi niliwekwa ndani ya kuta za plastiki angavu za kupunguza sauti, na sikioni nikatiwa kifaa kinachopiga ti-ti-ti ili bendi isiachane. Kiongozi wa bendi alikuwa kijana mstaarabu aliyeshukuru kila kitu. Kila wimbo ulipoisha watu walipiga makofi.

Wiki ya kwanza nilifurahi. Ya pili kitu kilinisumbua nisijue ni nini. Ya tatu, katikati ya wimbo ule wa bibi harusi, nilitoa kifaa sikioni na kuacha kupiga, nipate kusikia. Nilisikia bendi. Nilisikia waimbaji watatu, wazuri sana. Kutoka kwenye mabenchi, mahali walipokaa watu zaidi ya mia, sikusikia kitu. Walikuwa wameketi wakitutazama kama watu wanaoangalia mpira.

Baada ya ibada kijana alinifuata. "Umetuacha hewani," alisema.

"Nilikuwa nawasikiliza watu."

"Watu gani?"

"Waliokuja kusali. Hawaimbi."

"Wamefurahi. Hukusikia makofi?"

"Makofi ni ya aliyemaliza kutazama," nilisema. "Mtu akiimba mwenyewe hampigii mwenzake makofi."

Hakukasirika, au hakuonyesha. Alisema watanipigia simu. Hawakupiga, na mimi sikuwapigia. Nilimkumbuka mzee wa Louisville na maneno yake kuhusu nyimbo zinazochuja baada ya mwezi, nikaona kwamba alikuwa na hoja, ila aliilaumu ngoma kwa kosa lisilo lake. Nimesikia kinanda cha mabomba kikiwanyamazisha watu, na nimesikia gitaa likiwanyamazisha. Mimi siulizi chombo ni cha zamani au ni kipya. Nauliza kama watu waliokaa benchi la nyuma wameimba.

Baadaye shemeji yangu alipata kazi kwenye kiwanda kimoja Lackawanna, jirani na mji wa Buffalo, tukahama sote, mapacha na masufuria, tukapanga ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao mtaa wa Lower West Side, Buffalo. Chini yetu walikaa Wakongomani, ng'ambo ya barabara Wakareni kutoka Burma. Mimi nikapata kazi ya kutunza wazee majumbani. Wa kwanza niliyepewa alikuwa bibi mmoja, mwalimu wa muziki mstaafu, miguu imekwisha lakini ulimi haujapungua hata kidogo.

Ijumaa ya kwanza aliniambia, "Leo utanisukuma hadi sinagogi."

Sinagogi lenyewe lilikuwa chumba cha kuazima. Waliuza jengo lao watu walipohamia vitongojini, wakabaki wachache. Tulikuwa kumi na mmoja siku ile, pamoja nami. Rabi alikuja mara mbili kwa mwezi, na wiki ambazo hakuwapo waliweka redio ya CD mezani, kwaya ya watu wasiojulikana ikaimba ndani yake, nao wakafuata kwa midomo.

Nilivumilia nyimbo mbili. Wimbo wa tatu nilimwinamia bibi nikamwuliza sikioni, "Nikizima hiki kitu watanifukuza?"

"Tujaribu tuone," alisema.

Nikazima. Watu kumi waligeuza vichwa. Nikaanza kugonga meza kwa viganja, polepole, na bibi akaanzisha wimbo kwa sauti yake iliyokwaruza. Wa kwanza kuitikia alikuwa mzee mmoja asiye na sauti kabisa, akatoa mlio kama mlango. Wa pili akamsaidia. Hatukuimba vizuri. Ubeti wa pili tulipotea, tukaanza upya. Lakini kila mtu mle ndani alikuwa na jasho kidogo tulipomaliza, na hakuna aliyepiga makofi.

Redio haikuwashwa tena. Nilileta ngoma niliyonunua kwa Mkongomani wa chini, na kila Ijumaa nilimsukuma bibi, theluji au jua, nikapiga. Dada alikuwa na wasiwasi.

"Hapa nako wakikusikia kanisani itakuwaje?"

"Hapa nimewaambia mwenyewe kabla hawajasikia," nilimjibu. Na kweli, Jumapili ya kwanza Buffalo nilimweleza mchungaji kwamba Ijumaa napiga kwa Wayahudi, na kama ni tatizo aniambie sasa nitafute kanisa lingine. Alifikiri, akasema kwaya yao haina mpigaji. Binti ya dada, aliyekuwa akitusikiliza mimi na mama yake, alidakia kwa Kiingereza chake kwamba tatizo langu ni kupenda ugomvi. Huenda ni kweli.

Majira ya baridi yaliyofuata, nikimwogesha bibi, nilikuwa nikivuma wimbo ambao haukuwa wa mtu. Ulikuja wenyewe, bila maneno, mapigo sita halafu kupumzika. Bibi aliniambia nirudie. Akaniambia nirudie tena. Alipovaa alidai kalamu, akauandika kwa nota, na Ijumaa ile akawafundisha wenzake kwa kugonga fimbo sakafuni. Kabla ya mwezi kuisha walikuwa wakiuimba pale mwanzo wa ibada, watu wakiingia na kuvua makoti.

Mama aliyekuwa akichapa karatasi za nyimbo aliuongeza kwenye orodha. Nilipopokea karatasi niliona juu ya nota zile pameandikwa: Wimbo wa Kiafrika.

Nilimfuata. "Huu si wa Kiafrika," nilisema.

Alishtuka. "Samahani, nilidhani umetoka nao kwenu."

"Haukutoka kwetu. Umetoka bafuni kwa bibi, mtaa wa tatu kutoka hapa. Nimeutunga mimi."

"Basi niandikeje?"

Nilichukua kalamu yake. Nilikata maneno yale kwa mstari mmoja ulionyooka, nikaandika jina langu na la baba yangu, herufi kubwa, kwenye nakala zote kumi na tano, moja baada ya nyingine, na watu wakingoja tuanze. Hakuna aliyesema niharakishe. Bibi alikuwa ananitazama kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, kidevu juu, kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amekataa kukaa chini.

Wimbo huo bado unaimbwa pale. Jina langu wanalitamka vibaya, kila mmoja kwa namna yake, na wengine wanauharakisha kuliko unavyotaka. Wakikimbia, mimi napunguza. Napunguza hadi warudi, na wakirudi tunaendelea.